Samaki wa Ujiji na Siri ya Ubongo

Ujiji inajulikana kwa mwembe wake. Chini ya mwembe huo, mwaka 1871, Henry Morton Stanley alikutana na David Livingstone, na mpaka leo mgeni anayeshuka Kigoma huelekezwa kwenye makumbusho yaliyojengwa mahali hapo. Ziwa Tanganyika, lililo jirani, lina historia nyingine, isiyosimuliwa sana hata na wenyeji. Ni habari ya samaki mdogo, mrefu kiasi cha kiganja, aliyeingia kwenye vitabu vya sayansi mwishoni mwa karne ya 19, na miaka mia moja baadaye akawa mwalimu wa swali gumu: je, namna tunavyoishi na wenzetu yaweza kuubadilisha ubongo wenyewe?

Historia hiyo inaanza na misafara. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji Februari 1858, baada ya safari ya zaidi ya miezi saba kutoka pwani. Hawakufika mahali pasipojulikana. Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kuijua njia hiyo kwa biashara ya pembe za ndovu na watumwa, na mitumbwi ilikuwa ikivuka ziwa kwenda na kurudi upande ambao leo ni Kongo. Burton alikuwa mgonjwa, miguu haimbebi. Speke aliugua macho kiasi kwamba hakuweza kuliona vizuri ziwa alilolifuata mwendo wote huo. Kama si wapagazi na watu kama Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkalimani na msaidizi wao, huenda wasingefika kabisa.

Samaki walikusanywa na mtu mwingine. Edward Coode Hore, baharia Mwingereza aliyetumwa na London Missionary Society, alifika Ujiji mwaka 1878, akaishi ziwani takriban miaka kumi. Alizunguka mwambao kwa mashua, akachora ramani za ghuba na rasi, akaokota konokono na kuhifadhi samaki wa kupeleka Uingereza. Huko London samaki hao waliangukia mikononi mwa Albert Günther, bingwa wa samaki na mijusi, naye akawaeleza kitaalamu katika makala iliyotoka mwaka 1894. Mmoja akamwita kwa jina la Hore. Mwingine, mdogo tu mwenye madoa ya rangi ya chungwa kwenye pezi la chini, akamwita kwa jina la Burton. Leo wataalamu humwita Astatotilapia burtoni. Mvuvi wa Ujiji, ambaye alimjua samaki huyo kabla ya wote hao, hakupata jina lake kwenye orodha.

Burtoni ni wa ukoo mmoja na sato, perege na kuhe. Hapendi kilindi. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, lakini yeye hukaa maji mafupi ya ukingoni, kwenye vidimbwi, majani na midomo ya mito. Kwa meza ya chakula hana thamani kama mgebuka wala dagaa, na ndiyo maana mtu anaweza kukulia Kigoma na asimtazame mara mbili. Anayemtazama huona mambo.

Dume mwenye himaya huvaa rangi kali, bluu au njano. Mstari mweusi humshuka kutoka jichoni hadi kwenye taya, na nyuma ya kichwa ana doa jekundu la kukaribia chungwa. Huchimba shimo kwenye mchanga kwa kinywa, akitema punje baada ya punje, kisha hulilinda. Jirani akisogea, hufukuzwa. Jike akipita, dume humtikisia mwili na kumwongoza shimoni. Jike hutaga mayai machache, mara hugeuka na kuyachukua kinywani. Hapo dume hulaza pezi lenye madoa ya mviringo yanayofanana mno na mayai. Jike huyadonoa madoa, na katika kudonoa hupokea mbegu za kiume kinywani mwake, mayai yakarutubishwa humohumo. Kisha huondoka na mzigo wake, na kwa takriban wiki mbili hali chakula, akiatamia mpaka vifaranga wawe tayari kutoka.

Pembeni mwa himaya za madume wakubwa wapo madume wengine, wengi zaidi. Hawana himaya, hawana rangi, hawana ule mstari wa jichoni. Wamepauka kama majike na huogelea nao kwa kundi. Mtu asiyejua angedhani ni samaki wa aina nyingine.

Wa kwanza kuyachunguza haya kwa undani walikuwa wanasayansi wa Ujerumani. Katika taasisi ya Max Planck iliyokuwa Seewiesen, Bavaria, ambako Konrad Lorenz alikuwa kiongozi, samaki wa Tanganyika walifugwa kwenye matangi ya vioo ili kusoma tabia zao. Mwaka 1962 Wolfgang Wickler alieleza kwamba madoa ya pezi ni mayai ya kuigiza, yanayomvuta jike. Mwishoni mwa muongo huo wenzake walionyesha kwa vipimo kwamba mstari mweusi wa jichoni humpandisha dume mwingine hasira, na doa la chungwa humpunguzia. Lorenz alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Niko Tinbergen na Karl von Frisch, kwa kuifanya tabia ya wanyama kuwa jambo la kuchunguzwa kwa kipimo. Hitimisho la Wickler lilikuja kuguswa baadaye: mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel waliripoti kwamba mayai hurutubishwa hata pezi likikosa madoa, na kwamba madoa hayo yana kazi pia ya kuwatisha madume wenzake.

Katika taasisi hiyohiyo ya Seewiesen, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuja Mmarekani aitwaye Russell Fernald. Alianzia kwenye uhandisi, akaingia fizikia ya viumbe, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Alikuja kusoma neva na macho. Alipokutana na burtoni, alipata mnyama mmoja aliyekuwa na vyote: jicho kali, rangi zinazosema, na jamii yenye vyeo.

Fernald hakutosheka na vioo. Alikwenda mwenyewe Ziwa Tanganyika, mwambao wa kaskazini upande wa Burundi, na mwaka 1977 yeye na mwenzake Hirata wakachapisha maelezo mawili ya maisha ya burtoni ziwani: anakaa wapi, anaishi na nani, anapigana mara ngapi, anakula nini. Kazi hiyo ilionekana ndogo wakati ule. Lakini ilijenga msingi wa kila kitu kilichofuata, kwa sababu ilionyesha kwamba himaya za burtoni hazidumu. Ndege huwanyakua madume waliong'ara. Upepo huchafua ukingo. Viboko hupita na kukanyaga mashimo. Anayetawala asubuhi anaweza asiwepo jioni, na nafasi yake lazima ichukuliwe na mwingine. Samaki waliovuliwa enzi hizo ndio mababu wa ukoo uliolelewa maabara kwa miongo iliyofuata, kwanza Oregon, kisha Chuo Kikuu cha Stanford, California.

Kwanza lilikuja jicho. Burtoni hukua maisha yake yote, na jicho hukua naye. Hapo pana tatizo la kiufundi ambalo mhandisi hawezi kulipita: lenzi ikinenepa na jicho likitanuka, kwa nini samaki haoni ukungu? Mwaka 1983 Fernald na mwenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba lenzi hukua bila kupoteza ubora wake wa kuona. Kazi nyingine za maabara yake zilionyesha kwamba chembe mpya za kupokea mwanga huendelea kuzaliwa nyuma ya jicho hata kwa samaki mzima, zikajipenyeza katikati ya zile za zamani. Maswali ya jicho hayakumwacha kamwe, na miaka ya baadaye aliandika sana juu ya namna macho ya viumbe mbalimbali yalivyotokea katika historia ya uhai.

Kilichobeba jina lake, hata hivyo, ni ubongo.

Mwaka 1990 yeye na mwenzake Davis walipima seli za neva katika eneo dogo lililo sakafuni mwa ubongo, karibu na zinapopita neva za macho. Seli hizo hutengeneza homoni ya GnRH, ambayo huiamuru tezi ya pituitari, nayo huziamuru korodani. Binadamu tunayo homoni hiyohiyo. Bila yake kijana habalehe. Walichokuta ni kwamba seli za dume mwenye himaya zilikuwa na ujazo mara nane ya zile za dume asiyekuwa nayo. Umri haukuwa sababu, wala chakula. Sababu ilikuwa nafasi ya samaki katika jamii yake.

Kisha likaja swali la lazima: kipi kinatangulia, cheo au ubongo? Mwaka 1993 Fernald, Richard Francis na Kiran Soma walihamisha samaki. Dume mnyonge aliwekwa mahali ambapo angeweza kutawala. Mtawala aliwekwa kati ya wakubwa kumzidi. Seli za yule aliyepanda zikanenepa, za aliyeshuka zikasinyaa, na korodani zikafuata mkumbo. Ubongo wa samaki mzima ulikuwa umejengwa upya na mambo yaliyotokea nje ya mwili wake.

Uzito wa matokeo hayo unaonekana ukikumbuka wakati wenyewe. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ubongo wa mtu mzima ulifundishwa kama kitu kilichokwisha kufinyangwa. Homoni zilionekana kuamuru tabia, na tabia kutii. Burtoni aligeuza mshale: tabia ya wengine iliamuru homoni, na homoni zikabadilisha seli. Mwaka 1999 Hans Hofmann, akiwa na Fernald na Mark Benson, alionyesha kwamba hata ukuaji wa mwili hufuata cheo. Dume anayepanda cheo huongeza kasi ya kukua; aliyekwisha kutawala hupungua, kwa kuwa nguvu zake huishia kwenye kupigana na kuchumbia. Utawala una gharama yake, na wanyonge wanaokua haraka ndio watakaompindua.

Jaribio lililofanywa na Sabrina Burmeister, Erich Jarvis na Fernald, likachapishwa mwaka 2005, linastahili kuelezwa hatua kwa hatua. Katika tangi moja waliwekwa madume wawili, mtawala na mnyonge. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, mtafiti aliyevaa miwani ya kuonea gizani alimtoa mtawala. Kulipopambazuka mnyonge aliangalia huku na huku. Mwenye mji hayupo. Ndani ya dakika chache ule mstari mweusi ukamtokea jichoni, rangi ikapanda, akaanza kufukuza wengine na kuwatikisia majike mwili. Ubongo wake ulipochunguzwa, jeni iitwayo egr-1 ilikuwa imewaka kwa nguvu katika eneo lilelile la seli za GnRH, kuliko kwa mnyonge aliyebaki mnyonge na kuliko kwa mtawala aliyezoea kutawala. Ubongo ulikuwa umeitambua nafasi yenyewe.

Miaka miwili baadaye Logan Grosenick na Tricia Clement walichapisha pamoja na Fernald jaribio lingine. Dume mtazamaji alionyeshwa, kupitia kioo, mapigano ya wenzake watano: wa kwanza anampiga wa pili, wa pili anampiga wa tatu, hivyo hivyo hadi wa tano. Hakuwahi kuwaona wa pili na wa nne wakipambana. Alipopewa nafasi ya kuwachagua wawili hao, alikaa zaidi upande wa wa nne, yaani yule aliye dhaifu. Alikuwa amekokotoa. Hesabu ya namna hiyo hutarajiwa kwa mtoto wa miaka minne au mitano, na samaki huyu aliifanya kwa kutazama tu. Mwaka 2010 maabara hiyo ilionyesha upande wa majike: jike akimwona dume aliyempenda akishinda, huamka sehemu za ubongo zinazohusika na uzazi, akimwona akishindwa, huamka zile zinazohusiana na wasiwasi.

Ukubwa wa mtafiti hupimwa pia kwa watu aliowalea. Hofmann alikwenda Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Karen Maruska alianzisha maabara Louisiana, akaongeza masikio na pua kwenye habari iliyokuwa ya macho, kwa kuonyesha kwamba burtoni huzungumza kwa sauti na harufu pia. Stephanie White aliihamishia taaluma hiyo kwa ndege waimbao huko Los Angeles. Mwaka 2012 Lauren O'Connell na Hofmann walilinganisha ubongo wa spishi 88 za wanyama wenye uti wa mgongo, kutoka samaki hadi mamalia, wakakuta mtandao wa maamuzi ya kijamii ambao umebaki karibu vilevile kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Mwaka 2014 jenomu ya burtoni ilichapishwa pamoja na za samaki wengine wanne wa ukoo wake kutoka Afrika. Mwaka 2020 Beau Alward, Fernald na wenzao walitumia mbinu ya kuhariri jeni na kuonyesha kwamba rangi, ugomvi na uzazi wa dume vinaendeshwa na vipokezi tofauti vya homoni za kiume, kila kimoja na kazi yake.

Kwa hiyo mnyama aliyeanzia Ujiji alikuwa amefika mbali. Swali ni lini taaluma yenyewe ilirudi Kigoma.

Ilirudi, na kwa heshima. Mwaka 2007 jarida la Brain, Behavior and Evolution lilitoa utafiti wa Alexander Pollen, Hofmann, Caroly Shumway na wenzao juu ya samaki wa Ziwa Tanganyika. Miongoni mwa waandishi alikuwemo Mtanzania, Mathias Igulu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI. Hawakumchunguza burtoni. Walichagua spishi kadhaa za kundi moja, ndugu wa karibu, ambazo baadhi huishi kwenye mchanga mtupu na nyingine kwenye miamba; baadhi dume na jike huishi wawili wawili, nyingine dume huwa na majike wengi. Wazamiaji walipima ukubwa wa mawe, wakahesabu majirani, kisha ubongo ukapimwa sehemu kwa sehemu. Ubongo kwa jumla ulikuwa mkubwa zaidi kwa samaki wa mazingira yenye mchanganyiko mkubwa wa spishi, na sehemu ya mbele ya ubongo ilikuwa kubwa zaidi kwa wale wanaoishi jozi. Mazingira yaligusa sehemu nyingi za ubongo. Mpangilio wa jamii uligusa chache, lakini uligusa.

Utafiti wa namna hii hauwezi kufanywa California. Tangi halina miamba ya aina kumi wala majirani wa spishi thelathini. Ziwa Tanganyika lina takriban spishi 240 za ukoo huu, karibu zote hazipatikani kwingine duniani, na uchunguzi mkubwa wa Basel uliochapishwa mwaka 2021 ulithibitisha kwamba mlipuko huo wa aina ulitokea ndani ya ziwa lenyewe. Anayetaka kujua ubongo hutofautiana vipi kulingana na maisha ana hapa mamia ya majibu yaliyoandaliwa kwa muda wa mamilioni ya miaka. Kigoma ilikwisha kuonyesha kwamba inaweza kuwa shule: kuanzia mwaka 1998 Mradi wa Nyanza, ulioongozwa na Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona kwa ushirikiano na TAFIRI, uliwaleta wanafunzi wa Marekani na wa Afrika kujifunza ziwa pamoja, msimu baada ya msimu.

Cohen huyohuyo na wenzake walionya mapema, mwaka 1993, kwamba udongo unaoporomoka kutoka milima iliyokatwa miti unapunguza aina za viumbe mwambaoni. Onyo hilo linamhusu mtafiti wa ubongo moja kwa moja. Mfumo mzima aliouchunguza Fernald unategemea jicho: mstari mweusi, doa la chungwa, rangi ya bluu, mapigano yanayotazamwa na wengine. Mwanza walishaona kinachotokea maji yakichafuka. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake waliripoti kwamba katika Ziwa Victoria, kwenye maji yenye tope, majike wa furu walishindwa kutofautisha rangi za madume, na spishi zikaanza kuchanganyika. Tanganyika ina maji maangavu zaidi, lakini mito inayoshuka kutoka nyanda za Kigoma hubeba udongo kila masika, na miaka ya karibuni ziwa limepanda hadi kufunika sehemu za ukingo ambazo ndizo makazi ya burtoni.

Nini hutokea kwa cheo, na kwa seli zile zinazonenepa na kusinyaa, dume asipoonekana vizuri na wenzake? Je, mnyonge aliyekuwa akitambua nafasi yake ndani ya dakika chache sasa anachelewa? Je, masikio na pua huchukua kazi ya jicho? Maabara za Texas na Louisiana zinaweza kutia udongo kwenye tangi, lakini samaki wao ni wa vizazi vingi vilivyozaliwa kwenye vioo. Jibu kamili linahitaji samaki wa ziwa na mtu wa kukaa nao. Linahitaji mtafiti aliye jirani na delta ya Luiche mvua zinapoanza, mwenye vifaa vya kupima uangavu wa maji, jokofu la kuhifadhia sampuli, hadubini, na mshahara utakaomwezesha kurudi palepale mwaka hadi mwaka. TAFIRI tayari ina kituo Kigoma, na Igulu alikwisha kuandika jina lake kwenye ukurasa wa kwanza wa taaluma hii. Kilichobaki ni kuiwekea maabara ya ubongo wa samaki mahali ambapo samaki wenyewe wapo.